Hali ya Hewa ya Makampuni

Halmashauri ya Mji wa Veenderwijk, Uholanzi, ilitangaza kwa furaha kubwa, mbele ya waandishi wa habari wawili na mbwa wa mmoja wao, kwamba kuanzia Jumatatu hali ya hewa ya mji itaboreshwa.

Tangazo lilipokelewa vizuri mno. Veenderwijk ni mji wa mvua, na mvua yake haina haraka. Huanza Septemba, na ikifika Aprili hupumzika kidogo ili ipate nguvu ya kuendelea. Basi Jumatatu hiyo kina mama wa mtaa wa kanisani wakaanika mashuka nje, mwenye duka la baiskeli akapanga viti mlangoni, na mwalimu mstaafu mmoja akaonekana na kaptula. Kabla ya saa nne mvua ikashuka kama ilivyozoea, na simu za halmashauri zikaanza kulia.

Aliyepangiwa kuzipokea alikuwa Bwana Berend Nijkamp, mkurugenzi wa idara mpya kabisa iliyoitwa Kurugenzi ya Kutoondoka. Bwana Berend alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwapani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kila alichoambiwa na wakubwa alikiamini, na akishakiamini alikitekeleza.

"Siyo hali ya hewa ya juu, mama," alimwambia kila aliyepiga. "Ni hali ya hewa ya makampuni."

"Makampuni yananyeshewa?"

"Hapana, mama. Ni lugha ya kitaalamu. Maana yake ni makampuni yajisikie vizuri hapa kwetu, yasiondoke."

"Na mashuka yangu?"

"Mashuka hayako chini ya kurugenzi yangu."

Neno lenyewe, kwa lugha ya kule, ni refu kama treni ya mizigo. Behewa la mbele ni makazi ya makampuni, la nyuma ni hali ya hewa, na wakubwa wakilitamka hufumba macho kidogo kama watu wanaoonja supu. Mtaalamu wa kulitamka Veenderwijk nzima alikuwa Diwani wa Fedha, Mheshimiwa Reinout Schimmelink. Ndiye aliyemweleza Bwana Berend kazi yake, siku ya kwanza, wakiwa wamesimama dirishani wanaangalia mtaro.

"Pesa ina miguu, Berend," alisema. "Zamani ilikuwa na mizizi. Kiwanda cha matofali kingekwenda wapi, wakati udongo uko hapa? Sasa dunia nzima ni soko moja. Kampuni inakunywa chai hapa, inakula mchana Ayalandi, jioni inalala Luksemba. Ukiikunjia uso tu, imekwenda."

"Na watu, Mheshimiwa?"

"Watu wana paka. Wana makabati mazito, wana daktari wa meno waliyemzoea. Watu wapo tu."

Kutokana na sayansi hiyo ikatungwa kanuni moja safi, ambayo Bwana Berend aliiandika kwa mkono wake na kuibandika juu ya meza: Anayeweza kuondoka abembelezwe, asiyeweza alipe. Serikali kuu ilikuwa imeshapunguza kodi ya makampuni, na miji nayo haikutaka kuonekana ya kizamani. Veenderwijk ikayasamehe makampuni ada ya majengo, ada ya mtaro na ada ya takataka, kwa sababu yalikuwa hayatupi takataka. Pengo lililobaki likazibwa na wasiohama. Maji yakapanda, maziko yakapanda, na kodi ya mbwa ikapanda mara mbili, kwa maana mbwa haendi Luksemba bila mwenyewe. Msaidizi wa nyumbani aliyekuwa akija kuwaogesha wagonjwa akaambiwa aoge nao haraka haraka. Samahani, awaogeshe haraka haraka. Tangazo lilikuwa na kosa la uchapaji, nalo lilisababisha mazungumzo mengi.

Hayo yote yalikwenda sawasawa. Shida ilianzia Lindehof.

Lindehof ni jengo la matofali mekundu nyuma ya kanisa. Upande wa kulia kulikuwa na chumba cha wazee. Walikuja saa nne asubuhi, wakanywa kahawa, wakacheza karata, wakala chakula cha moto, wakapiga soga, na saa kumi wakarudi makwao. Upande wa kushoto kulikuwa na ukumbi uliokodishwa na halmashauri kwa makampuni ya nje. Ukutani, kutoka sakafuni mpaka darini, mlipangwa visanduku vya barua vya bati. Kila kisanduku ni kampuni: hii ya meli, hii ya kahawa, hii ya nyimbo, hii ya mafuta ya kunyolea. Kampuni nzima na utajiri wake wote ilikaa ndani ya kijisanduku ambacho ukijaribu kutia mkate wa siagi, hauingii. Mlezi wa visanduku hivyo, kwa niaba ya halmashauri, alikuwa Bwana Berend. Meza yake ilikuwa pale pale ukumbini.

Diwani alimpigia simu akamwambia, "Lindehof tunataka hali ya hewa ya makampuni iwe na joto zaidi." Mtu mwingine angeuliza maana. Bwana Berend alimwita fundi wa mabomba.

Ukumbi wa visanduku ukapashwa mpaka nyuzi ishirini na moja. Kila asubuhi mkurugenzi alipita akigusa bati kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Lakini fungu la joto la Lindehof lilikuwa moja, na lililozidi huku lilibidi lipungue kule. Chumba cha wazee kikateremka mpaka nyuzi kumi na tano. Wazee wenye vifua wakaacha kuja. Idadi ilipopungua, ripoti ikaandikwa kwamba wazee hawapendi tena kile chumba, na ikapendekezwa kifungwe mwisho wa mwaka kwa kukosa mashabiki.

Bwana Berend alikwenda kuwaambia mwenyewe. Alivaa tai, kwa kuwa aliona habari mbaya inastahili tai.

Chumbani walikuwa wamebaki tisa au kumi, wamevaa makoti, wamekumbatia vikombe. Msemaji wao, ambaye hakuna aliyemchagua, alikuwa Bi Aaltje Kloosterman. Alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, na kile kitu alikataa kukitaja. Alikuwa msusi na kinyozi maisha yake yote, na nusu ya halmashauri ilishawahi kukaa mbele yake na taulo shingoni. Pembeni yake alikaa Mzee Wubbe Draaisma, dereva wa basi mstaafu, kiziwi wa sikio la kulia, lile la upande wa abiria, maana kule dereva hukaa kushoto.

"Ndugu wazee," Bwana Berend alianza, "halmashauri inawahamisha kutoka katika mshikamano wa pamoja kwenda katika mshikamano wa nyumbani."

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Wubbe.

"Anatufukuza," alisema Bi Aaltje.

"Siwafukuzi, Bi Aaltje. Kila mmoja atakaa kwake, na siku ya Jumatano mtapigiana simu. Tutawapa na blanketi."

"Berend, mwanangu. Mimi nakaa ghorofa ya tatu, peke yangu. Nikifa Ijumaa nikiwa mtu wa hapa, Jumamosi saa nne kiti changu kiko kitupu, Wubbe anauliza. Nikifa nikiwa kwenye mshikamano wa nyumbani, nitagunduliwa Pasaka."

"Kuna huduma ya kupiga simu..."

"Nitaipokeaje nikiwa nimekufa?"

Bwana Berend alikiri kwamba jambo hilo halikujadiliwa kwenye kamati.

"Hebu nifahamishe," Bi Aaltje aliendelea kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. "Joto letu limekwenda wapi? Maana kuta zinatoa sauti usiku na mchana, kama kuna mtu anapika."

"Limekwenda ukumbini. Kwa wawekezaji."

"Wako wengi?"

"Ukuta mzima."

Kesho yake Bwana Berend alipofungua mlango wa ukumbi aliwakuta. Walikuwa wamehama na viti vyao, meza ya karata, birika, na kapu la ufumaji. Wamevua makoti. Mzee Wubbe alikuwa amevua na viatu, ameweka miguu juu ya bomba la joto, soksi zinatoa moshi.

"Haiwezekani," alisema Bwana Berend. "Hapa ni mahali pa wawekezaji."

"Hatujawakalia," alisema Bi Aaltje. "Wako wapi tuwasogelee, tuwasalimie?"

Bwana Berend akaonyesha ukuta.

Mzee Wubbe akainuka, akasukuma kigari chake cha kutembelea, akaenda akagonga kisanduku kimoja. "Hodi," alisema. Akatega sikio zima. "Hakuna mtu."

"Wamo," alisema Bwana Berend. "Kisheria wamo."

"Basi wamelala. Si ajabu, kwa joto hili."

Mkurugenzi akachukua kitabu cha kanuni kutafuta kifungu cha kuwatoa. Hakukiona. Kanuni zilisema ukumbi ni wa wanaohusika na makampuni, ila hazikusema anayehusika anatambulikaje. Alipokuwa bado anapekua, simu ikalia. Alikuwa Diwani, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Berend. Kuna mkaguzi anakuja kutoka Umoja wa Ulaya, Brussels. Wamechoka na makampuni yenye sanduku lisilo na watu. Sheria mpya inataka kila kampuni ionyeshe kwamba inaishi kweli pale inapodai kuishi. Lazima iwe na wakurugenzi wa hapa hapa mjini, wakutane, wazungumze, waamue. Wasipokuwepo, makampuni yanafutwa, hali yetu ya hewa inachafuka, na mimi nachekwa na madiwani wa nchi nzima. Tuna wakurugenzi?"

"Tuna visanduku, Mheshimiwa."

"Watafute."

"Wa namna gani?"

"Watu wa kawaida. Wenye makazi hapa na wasio na haraka. Wakae, wanywe kitu, waonekane wanakutana. Ni jina tu, Berend. Ni jina tu."

Bwana Berend aliweka simu chini. Akawaangalia wazee. Walikuwa wamekaa, wanakunywa kitu, na ilikuwa wazi kabisa kwamba wanakutana.

Aliwaeleza kwa uangalifu. Bi Aaltje alimsikiliza huku akipanga karata zake.

"Kwa hiyo tunakuwa wakurugenzi."

"Ndiyo."

"Wakurugenzi wa kweli? Au wa kuigiza kama mchezo wa Krismasi? Maana mimi nimeshawahi kuwa kondoo kanisani, najua tofauti."

"Wa kweli kisheria. Mnatia saini, jina linasajiliwa. Lakini ni jina tu."

"Mke wangu naye alikuwa anatumia jina langu tu," alisema Mzee Wubbe, "akanunua piano."

"Tukishakuwa wakurugenzi tunaruhusiwa kukaa humu?"

"Mnalazimika kukaa humu," alisema Bwana Berend.

Wakatia saini mchana huo huo. Kila mzee akapewa makampuni kadhaa, na walioandika polepole wakapewa machache. Bi Aaltje alipata kahawa, nyimbo na mafuta ya kunyolea, pamoja na mengine ambayo hata Bwana Berend hakujua yanafanya nini. Mzee Wubbe alipewa meli.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema. Mkurugenzi aliwafundisha adabu za vikao, nao wakashika upesi kuliko halmashauri yenyewe. Walijifunza kufungua kikao, kupiga kura, na kuahirisha jambo mpaka wale kwanza. Aliwafundisha pia jibu moja muhimu, la kutoa mkaguzi akiuliza wameamua nini. Jibu lilikuwa: Tunaendelea kama kawaida. Waliliimba wote pamoja kama wanafunzi. Bwana Berend, aliyekuwa na desturi ya kula mkate wake peke yake akiutazama ukuta, alijikuta anaulia mezani kwao, na siku moja alishinda mchezo wa karata akaona haya.

Ila chumba cha upande wa pili kilikuwa bado kinafungwa mwisho wa mwaka. Jiko la chakula cha moto lilikuwa kule, choo chenye vishikio kilikuwa kule, na wenye vifua waliobaki majumbani wasingeweza kufanywa wote wakurugenzi. Bi Aaltje alimuuliza mara mbili. Mara zote mbili Bwana Berend alimjibu kwamba joto ni fungu moja, lakini ukumbi na chumba ni mafungu mawili tofauti.

"Sawa, baba," alisema Bi Aaltje, na mara ya pili alimnyoosha kola.

Mkaguzi alifika siku ya ukungu. Aliitwa Bi Godelieve, Mbelgiji wa makamo, mwenye miwani minene na viatu vya mtu aliyetembea sana akitafuta watu wasiokuwepo. Bwana Berend alikuwa amewafunga wazee tai zake mwenyewe, wanawake kwa wanaume. Bi Godelieve alisimama mlangoni akawatazama kwa muda.

"Hawa ni watu," alisema.

"Wakurugenzi wetu," alisema Bwana Berend.

"Luksemba nilikuta ndoo na fagio." Akavuta kiti, akaketi, akamgeukia Mzee Wubbe. "Wewe ni mkurugenzi wa nini, mzee?"

"Basi namba sita."

"Meli," alisema Bi Aaltje kwenye sikio lake zima.

"Meli," alikubali Mzee Wubbe.

"Kampuni yako ina meli ngapi?"

"Sina hata moja."

"Kampuni ya meli haina meli?"

"Ndiyo maana haijawahi kuzama."

Bi Godelieve akaandika. Bwana Berend akajifuta jasho. Joto lilikuwa ishirini na moja barabara.

"Mnakutana mara ngapi?"

"Kila siku, ila Jumapili," alisema Bi Aaltje. "Saa nne mpaka saa kumi. Mtu asipokuja tunamtuma mtu mlangoni kwake."

Mkaguzi alivua miwani akaifuta. Alisema kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona wakurugenzi wanaokutana kila siku, tena wanaotafutana. Alisema hayo ndiyo maisha ya kampuni ambayo sheria iliyaota. Bwana Berend akahisi kitu kinapanda kifuani, akadhani ni cheo.

"Swali la mwisho. Leo mmeamua nini?"

Bwana Berend akatabasamu, akawatolea macho ya kuwakumbusha.

"Tumeamua kuondoka," alisema Bi Aaltje.

Bomba la joto lilikoma kugonga.

"Samahani?" alisema Bwana Berend.

"Makampuni yanaondoka Veenderwijk. Tumepiga kura asubuhi, kabla hujaja na hizi tai. Ukuta mzima. Wote wameunga mkono ila Wubbe."

"Sikusikia swali," alisema Mzee Wubbe.

"Sababu ya kuondoka?" aliuliza Bi Godelieve, akiandika.

"Hali ya hewa," alisema Bi Aaltje. "Chumba cha pili kina nyuzi kumi na tano na mwisho wa mwaka kinafungwa. Hakuna chakula cha moto, na choo kitakuwa mbali. Mkurugenzi wa kampuni ya kimataifa hawezi kufanya kazi hivyo. Tumeangalia miji mingine. Wubbe anapenda Ureno."

"Kule samaki mzuri," alisema Mzee Wubbe.

Bi Godelieve aliandika kila neno. Akasema uamuzi umefanyika kihalali, na wakurugenzi halali, mahali halali, na kwamba asiposikia umebadilishwa, kihalali vilevile, utatekelezwa. Aliwapa wote mkono, akamshukuru Bwana Berend kwa kazi nzuri, akaenda kutafuta treni.

Diwani Schimmelink hakuwahi kuingia Lindehof maishani mwake. Siku ile alikuja kwa baiskeli, kasi, suruali ya mvua juu ya suruali ya suti, na alifika akitweta kiasi kwamba Bi Aaltje alimwambia akae kwanza, asije akafia mikononi mwa wakurugenzi.

"Bi Aaltje," alisema, "hebu tuzungumze kama watu wazima."

"Sisi tuko hapa tangu saa nne."

"Hamwezi kuondoka! Nyie ni wazee!"

"Sisi ni pesa, Mheshimiwa," alisema Bi Aaltje. "Na tuna miguu. Wubbe ana na magurudumu."

Diwani akamtazama Bwana Berend. Bwana Berend akatazama kanuni iliyobandikwa juu ya meza. Ilikuwa wazi. Anayeweza kuondoka abembelezwe.

"Itabidi uwabembeleze, Mheshimiwa," alisema.

Lazima tumpe mtu haki yake: Diwani alijua kubembeleza. Miaka mingi alikuwa akienda hoteli za mbali kuzibembeleza kampuni zilizokuwa hazijamjibu, na sasa kwa mara ya kwanza aliifanya kazi hiyo kwa watu wanaomwangalia usoni. Alivuta kiti karibu na Bi Aaltje. Sauti yake ikalainika. Chumba hakitafungwa, alisema. Joto litakuwa ishirini na moja pande zote mbili.

"Ishirini na mbili," alisema Mzee Wubbe, ambaye hilo alilisikia vizuri.

Ishirini na mbili. Chakula cha moto kila siku, na Jumatano viazi vya kupondwa na sukuma wiki ya majira ya baridi, pamoja na soseji.

"Soseji nzima au nusu?"

Nzima. Gari la kuwaleta wenye vifua. Msaidizi wa nyumbani aogeshe watu kwa muda unaomtosha binadamu kuoga na kujikausha.

"Huyo wa kuogesha siyo wetu tu," alisema Bi Aaltje. "Ni wa mji mzima. Kuna Bi Froukje pale juu ya duka la maua, hajatoka tangu kiangazi. Naye ni mkurugenzi."

"Wa nini?"

"Tutamtafutia."

Diwani akakubali. Alikuwa anakubali kwa kasi, jasho limemtoka, uso unang'aa, kama mtu aliyekuwa akiimba bafuni miaka yote na leo kapewa jukwaa. Bwana Berend alishangaa kitu kimoja tu, akauliza, maana alikuwa mtu wa kuuliza akishaelewa.

"Mheshimiwa, uliniambia pesa ya mambo haya haipo."

"Kwa wanaoondoka pesa ipo siku zote, Berend. Wewe tafuta pa kuitoa. Tumia kanuni."

Bi Aaltje akaweka karata zake chini, akasubiri. Wote wakasubiri. Bwana Berend aliketi, akachukua kalamu, na akaanza kufikiri kwa uaminifu uleule aliompigia nao simu fundi wa mabomba.

"Kanuni inasema alipe asiyeweza kuondoka," alisema taratibu. "Nilikuwa nawatoza wazee, lakini wazee sasa ni wenye kuondoka. Wenye mbwa nimeshawatoza mpaka wanatembeza mbwa usiku, kwa siri. Vijana wanahamia Amsterdam. Mwenye duka la baiskeli ana dada yake Ujerumani, anaweza kwenda." Akakuna sikio. "Nahitaji mtu ambaye hata akitaka, haruhusiwi."

"Yupo?" aliuliza Bi Aaltje.

"Wapo." Uso wa Bwana Berend ulichangamka, kama mtu aliyepata ufunguo aliokuwa ameukalia. "Madiwani. Sheria inawalazimu waishi ndani ya mji wanaouongoza. Diwani akihamia hata kijiji cha ng'ambo ya mtaro, kiti kimekwenda. Mji mzima hakuna watu waliofungwa miguu kama wao. Posho za vikao, magari, zile safari za kutafuta wawekezaji, chakula cha mchana cha kamati... Mheshimiwa, inatosha kabisa. Inabaki na ya soseji."

Diwani Schimmelink alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya meza.

"Berend. Hiyo kanuni niliitunga mimi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Haina kasoro."

"Na mimi kwanza?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba kubwa na mkopo mrefu. Mkeo amechaguliwa bodi ya mabwawa ya hapa, watoto wako shule ya hapa. Kwa vipimo vya kurugenzi yangu hajapata kutokea mtu asiyehamishika kama wewe." Alisema hivyo kwa heshima ya dhati. Alikuwa ameshaanza kuandika.

"Na nikikataa?"

Bwana Berend hakuwa na kifungu cha swali hilo. Akamtazama Bi Aaltje, ambaye alikuwa anammiminia mgeni kahawa na kumsogezea maziwa, kwa upole kabisa, kama anavyofanyiwa mteja ambaye kichwa chake kimeshalowanishwa na mkasi umeshashikwa.

"Hakuna anayekulazimisha, mwanangu," alisema. "Dunia siku hizi iko wazi. Kama hali ya hewa ya hapa hukuipenda, hama."